Wastani wa Siku ya Saba

Mama anaamini kwamba yeye ndiye aliyemwua mdogo wangu, kwa sababu alikwenda kung'oa jino.

Jino lenyewe lilimsumbua miezi minne. Miezi minne alitafuna upande mmoja, akasukutua kwa maji ya chumvi na kulala amefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, kwa kuwa hakutaka kumwacha mwanawe peke yake hata saa mbili. Siku alipokwenda, alirudi na pamba mdomoni akakuta watu wamejaa mlangoni. Tangu hapo kila anayekuja kutupa pole, Mama anamjibu jambo moja: "Nilimwacha mwenyewe." Nao wanamwambia asijilaumu, siku ya mtu ikifika imefika, kazi ya Mungu haina makosa. Wanakunywa chai yetu, wanaaga.

Mimi nilikaa kwenye kona ya sebule ile wiki tatu nikimsikiliza, na nikanyamaza. Nilikuwa najua nani alimtuma kwa daktari wa meno. Nilimtuma mimi, kwa simu, nikiwa nimesimama kazini karibu na birika la umeme, na nilifanya hivyo kwa sababu ya namba.

Lazima nieleze kazi yangu, la sivyo hakuna kitakachoeleweka. Ninafanya kazi katika kliniki ya magonjwa ya akili, chumba cha mwisho upande wa kushoto, kisicho na dirisha. Kuna meza, kompyuta, na kiti tulichokitoa magurudumu kwa sababu wagonjwa walikuwa wakijisukuma nyuma bila kujua. Vitufe vyote vya kompyuta nimevifunika kwa karatasi ngumu isipokuwa viwili, cha kulia na cha kushoto. Mgonjwa anakaa. Kwenye kioo zinatokea sura mbili za mtu mmoja, upande mmoja akicheka, upande mwingine akiwa na huzuni. Zinakaa nusu sekunde, zinatoweka, kisha nukta moja ndogo inatokea mahali ilipokuwa sura mojawapo. Ukiiona kushoto, bonyeza kushoto. Ukiiona kulia, bonyeza kulia. Mara mia na sitini. Ndiyo maana wagonjwa wananiita Dada Nukta, na wale waliochoka zaidi wananiita majina mengine.

Mtu asiye na ugonjwa hana shida. Mwenye sonona macho yake yananasa kwenye sura ya huzuni, hayataki kutoka. Nukta ikitokea hapo, anaiona upesi; ikitokea penye kicheko, anachelewa. Kuchelewa kwenyewe ni kudogo, sehemu kadhaa za elfu ya sekunde, yeye mwenyewe hajui. Kompyuta inajua. Inajumlisha zote mia na sitini, inatoa wastani wa tofauti hiyo, na huo wastani ndio namba yake. Ikiwa kubwa, macho yamenasa. Ikikaribia sifuri, yamefunguka. Daktari akimwuliza mtu unalalaje, unakulaje, unawaza nini, mtu anaweza kumpaka daktari mafuta kwa mgongo wa chupa. Mashine hapana. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi wanaokuja kutembelea, tena kwa kiburi.

Picha tulizipiga wenyewe. Zile zilizokuja na programu zilikuwa za watu wa mbali, na wagonjwa wetu hawakuzielewa, mmoja aliniuliza, "Huyu ana huzuni au anataka kupiga chafya?" Basi Daktari akaagiza tupige za kwetu: mlinzi, wauguzi, mpishi, mfagizi, watu ishirini. Mlinzi alituchosha. Kila akijaribu kuhuzunika anaangua kicheko, tukapoteza nusu siku naye. Mimi nilichukua dakika moja. Nilimfikiria baba siku zake za mwisho, alipokuwa akiuliza leo ni lini, ukimjibu anauliza tena. Picha yangu ya huzuni wote wanasema ndiyo nzuri kuliko zote. Ahsanteni kwa sifa.

Kabla ya kuwapima wagonjwa tulihitaji kuijaribu mashine kwa wazima, na mzima wa kwanza niliyemburuta pale alikuwa mdogo wangu. Wakati ule hakuwa na ugonjwa wowote zaidi ya mdomo. Alikuwa fundi wa kuchonga mihuri ya ofisi, shule na vyama, kwa wembe na mpira, herufi zikiwa zimegeuzwa kinyume. Mtaa mzima ulimwita Muhuri. Jicho lake lilisoma kinyumenyume upesi kuliko mimi ninavyosoma sawasawa. Alifanya raundi mbili, akaegemea kiti, akasema:

"Dada, mchezo wenu mwepesi. Namtafuta anayecheka tu, mwenye msiba nampuuza. Mashine itanipa medali ya furaha."

Tulijaribu. Namba yake ilishuka chini ya sifuri. Nilicheka, nikamweleza Daktari, naye akasema mgonjwa wa kweli hana nguvu za kucheza hivyo, na isitoshe hajui tunapima nini. Ilikuwa kweli kwa wagonjwa wote duniani, isipokuwa mmoja. Nalisema mapema ili mtu asije akafika mwisho akaniambia nilimficha.

Miaka miwili baadaye sonona ikamjia. Haikuja kwa kishindo. Kwanza alisahau herufi moja kwenye muhuri wa chama cha akiba, wakaurudisha. Kisha akachonga muhuri wa shule bila kugeuza herufi, kosa la mwanagenzi wa siku ya kwanza. Akawa anakaa mbele ya meza yake, wembe mkononi, saa nzima, mpira haujaguswa. Ukimsemesha, inabidi urudie. Ukimwekea chakula, anakitazama. Lakini jambo baya lilimfikia upesi. Watu kumi wakimsalimu na mmoja akapita kimya, jioni anamzungumzia yule mmoja. Hata baadaye, mama akiguna kwa sababu ya jino, yeye husema, "Mama amenichoka." Nilijua ninachokiona. Kwa kweli ningeweza kuwaambia namba yake bila kumpima.

Watu walimshauri ajikaze kisabuni. Vidonge alimeza vya aina mbili, kila aina wiki nane, ikawa kama kumpigia mbuzi gitaa. Halafu siku moja mchana alijaribu kujitoa uhai, na mjomba wetu, anayekaa nyumba ya pili, ndiye aliyemwahi.

Tangu siku hiyo tukaweka zamu. Mama mchana, mimi nikitoka kazini, mjomba siku za mapumziko. Mjomba aling'oa kitasa cha mlango wa chumba chake, akachukua nyembe zake zote kwenye kopo la biskuti akaenda kuzificha kwake. Akioga, mama anasimama nje ya mlango akimsimulia bei za sokoni, ili ajibu, ajue yupo. Kijana wa miaka thelathini na mmoja. Siku moja aliniambia, bila hasira, "Hata mfungwa, dada, kuna wakati anageukia ukutani." Nikamjibu kwamba mfungwa hana mama. Nilidhani nimesema la maana.

Kisha Daktari akaleta tiba mpya. Dawa yenyewe si mpya. Ni ile wanayomlaza nayo mgonjwa wa upasuaji, ila hii ni kidogo, kwa dripu, taratibu, muuguzi akiwa pembeni. Haingoji wiki nane. Saa chache tu. Tulikuwa tumeshawaona wagonjwa wengine wakiingia wakiburutwa na kutoka wakiuliza basi linapita saa ngapi. Daktari hakutuficha kitu. Alimkalisha mama na mjomba akawaambia inavyokuja upesi ndivyo inavyoweza kuondoka upesi, kwa hiyo tutampima kabla, tutampima kesho yake, na tutampima siku ya saba. Akionekana ameteleza, atapewa dripu ya pili mara moja. Na zamu isilegezwe mpaka yeye mwenyewe, Daktari, akae na familia aseme ilegezwe. Mimi sikuruhusiwa kumpima ndugu yangu. Mwenzangu wa chumba cha pili ndiye angempima.

Kabla ya dripu namba yake ilikuwa hamsini na nane. Wachache wamewahi kupita hamsini.

Alilala kwenye kitanda cha kliniki muda mfupi tu. Alisema dari imeondoka. Alilia kidogo, akanyamaza, akaomba maji. Tukamrudisha nyumbani akiwa ameniegemea, sikuona tofauti yoyote, nikajisemea haya, nayo hii imepita.

Asubuhi yake nilimkuta jikoni amesimama, anatazama dirisha.

"Dada, hizi pazia mmebadilisha lini?"

"Mwaka jana."

"Mbaya kweli."

Mama alicheka mpaka akashika shavu. Na yeye akageuka akamtazama mama, akasogea karibu, akamshika kidevu kama anayekagua muhuri. "Mama, umevimba. Una nini?" Miezi minne shavu lile lilikuwa limevimba mbele yake, naye alikuwa akiliona kama uso wa mtu aliyekasirika naye. Mama alitoka nje kuanika nguo ambazo hazikuwa zimefuliwa.

Siku ile alisoma gazeti lote, akapata makosa mawili ya chapa, akayazungushia kalamu. Alisikia redio ya jirani akauliza kwa nini siku hizi hawazimi. Alimtania mjomba juu ya kile kitasa, akamwambia kama ameamua kuwa fundi seremala basi angeanza na nyumba yake. Kliniki namba yake ilikuja tatu. Tatu! Nilirukaruka kwenye ujia kama mtoto wa shule, muuguzi mkuu akaniambia nina miaka arobaini. Siku hizo nilikuwa na furaha ya mtu aliyekuwa amebeba gunia akalitua, na hata leo siwezi kuzionea haya.

Siku ya pili, ya tatu, ya nne, hivyo hivyo. Ya tano sijui. Nikikazana kukumbuka, naona kwamba siku ya tano hakuuliza chochote. Alijibu kila alichoulizwa, vizuri, kwa adabu, lakini hakuuliza. Nilimwona ametulia. Nilikuwa na ile tatu kichwani, na mtu mwenye tatu ametulia.

Siku ya saba ilikuwa Alhamisi. Saa nne asubuhi mwenzangu alitoka chumba cha pili akipunga karatasi.

"Ndugu yako ametupita sisi wazima!"

Hasi thelathini na moja.

Nimekaa katika chumba kile miaka minne. Nimepima watu zaidi ya mia tatu. Sisi wazima, ukitupima, tunakuwa kati ya tano na hasi nane. Mtu aliyepona hatafuti vicheko. Anatazama tu, huku na huku, hana haraka. Hasi thelathini na moja ni mtu anayewinda. Ungeniletea karatasi ile ikiwa ya mgeni ningekuambia, huyu anacheza, mrudishe, ampime mtu mwingine. Kwa mgeni nina macho mawili. Kwa ndugu yangu sikuwa na hata moja. Niliishika ile karatasi nikasema, amepona, amepona kupita kiasi.

Maswali ya Daktari alikuwa ameyajibu sawia. Daktari angekaa na familia Jumatatu. Siku nne. Sikuona kwa nini mama avumilie jino siku nne zaidi kwa ajili ya utaratibu. Nikaenda penye birika, nikampigia.

"Mama, mashine imesema. Mwanao amepona kutuzidi sisi."

"Amepona?"

"Namba iko chini ya sifuri, mama! Kesho nenda kang'oe jino lako."

"Na zamu?"

"Zamu imekwisha. Mwache apumue. Naye amechoka kukodolewa macho."

Nilisikia maji yakimiminika upande wake, kisha yakakatika.

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye unayejua."

Ijumaa saa tatu mama akaondoka. Saa sita alikuwa amerudi. Zaidi ya hapo sisimulii. Anayetaka kujua namna gani, akaulize kwingine. Wapo waliokuwa na hamu hiyo hata msibani, wakaniinamia sikioni na vikombe mkononi. Shangazi mmoja alisema kwa sauti, ili wote wanufaike, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitamani kummwagia chai. Ningeweza kumjibu kwamba huyu hakuficha, miezi minne nyumba nzima ilikuwa ikimchungulia mpaka bafuni. Lakini mama alikuwa pale, anasema nilimwacha mwenyewe, nami nikafunga mdomo.

Wiki ya nne nilirudi kazini. Daktari alinishika mikono yote miwili akaniambia niongeze likizo. Nikamwambia nyumbani ni pabaya zaidi. Alipoondoka nilifungua faili la mdogo wangu, ambalo sikuruhusiwa kulifungua.

Wastani ni namba moja. Chini yake kuna mistari mia na sitini, na hakuna anayeisoma. Kwa nini uisome? Ndiyo kazi ya wastani, kukupunguzia kusoma. Niliipanga mistari kwa sura, mmoja mmoja: mlinzi, mpishi, wauguzi, mfagizi, mimi. Kila mtu mara nane.

Kabla ya dripu, macho yalinasa kwa wote. Kesho yake hayakunasa kwa yeyote. Kwa mlinzi yalipita, kwa mpishi yalipita, na kwangu yalipita vile vile, bila kusita. Nililia nilipoona hivyo, na nilikuwa nalia kwa shukrani. Siku ile alikuwa mzima. Zile pazia alizicheka kwa dhati, na shavu la mama aliliona kwa dhati.

Siku ya saba, watu kumi na tisa aliwakimbia. Mlinzi akitokea, jicho kwenye kicheko. Mpishi, kwenye kicheko. Upesi, bila kukosea, fundi wa mihuri huyo. Mtu wa ishirini nilikuwa mimi. Mara nane nilitokea kwenye kioo kile, huku nikicheka na kule nikiwa na ile huzuni yangu nzuri kuliko zote, na mara nane macho yake yalikuja kwenye huzuni yakakaa. Alijua anatakiwa aende kwingine. Wengine wote aliweza kuwaacha, mimi hakuweza. Mistari minane ndani ya mia na sitini, wastani ukaimeza, na mimi nikaupokea wastani nikauchezea ngoma.

Niliketi pale mpaka kioo kikajizima chenyewe. Ilikuwa imempitia, ile dawa, ikamwonyesha nyumba yake kwa siku nne, ikamrudisha alikotoka. Na akaamua kwamba hataki dripu ya pili. Aliijua njia ya kutopewa, kwa sababu nilimwonyesha mwenyewe tukicheka.

Nilimpelekea Daktari karatasi. Alisoma mstari kwa mstari, kidole kwenye karatasi.

"Angepata dripu ya pili jioni ile ile," alisema. Kisha akajirudi. "Pengine ingemsaidia. Pengine."

"Nilivunja zamu kabla hujaruhusu."

"Na mimi nilimwuliza maswali nikaridhika na majibu." Alivua miwani akajifuta uso. "Tumewapa watu ishirini na mbili. Kumi na sita wako kazini kwao. Nakuambia hivyo si kwa ajili ya kukufariji."

"Haikunifariji."

"Mama yako anajua?"

"Hapana."

"Si lazima ajue," akasema. "Fikiria vizuri. Si lazima."

Ni mtu mwema. Alikuwa ananipa mlango wa kutokea, na nikiwa njiani kwenda nyumbani niliushika mkononi mlango ule, nikaugeuzageuza. Mama ana miaka sitini na saba. Ajue kwamba mwanawe alikuwa mgonjwa siku ile, kwamba alitudanganya, kwamba palikuwa na dripu nyingine? Ama nimwache aendelee kuamini kwamba alikuwa mzima, na kwamba jino ndilo lililomwua? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sijazaa. Lakini nilijua sitaweza kusikia tena "nilimwacha mwenyewe" bila kupasuka.

Nilimkuta sebuleni, sinia la mchele mapajani, anachambua mawe. Nikakaa chini, mbele ya magoti yake, nikamwambia yote. Vitufe viwili, picha ya mlinzi, raundi mbili za miaka ile, tatu, hasi thelathini na moja, mistari minane. Sikujitetea. Alikuwa akichambua, kidole kikisukuma punje, na mara mbili aliniuliza nirudie.

"Kwa hiyo aliujua mchezo," akasema.

"Aliujua."

"Wewe ulimfundisha."

"Ndiyo, mama."

Nilingoja anifukuze. Nilitaka anifukuze, ningeona nafuu. Alirudi kwenye mchele wake, basi nikaendelea, nikalia sasa, nikamwambia yale niliyokuja kumwambia: kwamba si yeye, kwamba jino halina kosa, kwamba mtu aliyevunja zamu ni mimi, na kila anayekuja hapa aambiwe hivyo.

Mama aliweka sinia kando.

"Ijumaa ile," akasema, "aliniletea viatu. Alivipangusa vumbi akaviweka mbele yangu. Akaniambia nenda mama, usiogope sindano. Anacheka. Nikamtazama."

Alinitazama mimi aliposema hivyo, na nikaogopa kitakachofuata.

"Alikuwa yule yule wa kabla ya dripu. Nilimwona, mwanangu. Nimemzaa, nimemwogesha, nitakosaje kumwona? Hata tangu Jumanne nilikuwa namwona. Nilivua mtandio, nikataka kukaa. Halafu nikakumbuka ulivyofurahi kwenye simu. Nikasema moyoni, wewe mama na ushamba wako, utamrudisha mtoto kifungoni kwa wasiwasi wako tu? Mwenzio amesoma, mashine imesema. Nikajifunga mtandio, nikavaa viatu."

"Ungenipigia simu, mama. Kwa nini hukunipigia?"

Aliinama akalichukua sinia, akaliweka tena mapajani, lakini hakulishughulikia.

"Nikuambie nini? Kwamba nimemwona? Ungeniuliza namba ngapi."

Nami ningemwuliza.